Sumu na Hewa Yake

Neno sumu ni jepesi kinywani, lakini ni zito katika hukumu. Likitamkwa juu ya kitu, kitu hicho hutengwa, hufungiwa kabatini, na watoto huonywa wasikiguse. Neno dawa, kwa upande wake, hufunguliwa kila mlango. Watu wengi hudhani kuwa maneno haya mawili ni majina ya vitu viwili mbali mbali, kama yalivyo jiwe na maji. Kwamba ubaya umo ndani ya sumu kama utamu ulivyomo ndani ya asali, na wema umo ndani ya dawa vivyo hivyo. Katika karne ya 16 mganga mmoja wa Ulaya, Paracelsus, aliitikisa imani hiyo alipofundisha kuwa kinachotenga dawa na sumu ni kipimo. Fundisho hilo limekuwa nguzo ya elimu ya sumu hata leo, nalo ni la kweli. Lakini ni nusu ya kweli. Uchunguzi wa seli, yaani chembe ndogo ambazo mwili umejengwa kwazo, umeonyesha kuwa kipimo kile kile cha dawa ile ile chaweza kuua hapa na kuacha hai pale, kwa sababu ya wingi au uchache wa oksijeni iliyopo. Hapo ndipo swali la maabara linapogeuka kuwa swali la maadili. Ikiwa ubaya wa kitu hautimii mpaka kikutane na mahali pake, ni nani mwenye haki ya kukihukumu, na hukumu yake inafika wapi?

Mahali panapofaa kuliweka swali hili mbele ya macho ni Kabwe, bandari ya wavuvi katika wilaya ya Nkasi, mkoa wa Rukwa, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Uso wa ziwa uko kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya bahari. Nyuma ya Kabwe nchi yapanda kwa miteremko mikali hadi uwanda wa juu wa Ufipa, ambako mji wa Sumbawanga umekaa kwenye kimo cha mita 1,800 hivi. Mtu apandaye kutoka ziwani, akapita Namanyere na kufika Sumbawanga, huvuta katika kila pumzi oksijeni kidogo kuliko ile aliyoiacha Kabwe. Huko juu mgandamizo wa hewa ni kama sehemu 4 katika 5 za ule wa mwambao wa bahari. Mwili wenye afya huzoea, wala msafiri haoni ajabu.

Lakini tofauti hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na ile iliyo chini ya mitumbwi ya Kabwe. Ziwa Tanganyika, pale lilipo na kina kikubwa kabisa, linafika mita 1,470 hivi, na maji yake ya juu hayachanganyiki sawasawa na yale ya chini. Kwa hiyo oksijeni hukoma kwenye kina cha mita 100 hivi upande wa kaskazini na mita 200 hivi upande wa kusini. Dagaa na migebuka, ambao ni riziki ya watu wa pwani ile, huishi katika tabaka la juu. Chini yake yako maji mengi zaidi, na humo samaki hawezi kukaa. Hata hivyo hayakukosa wakazi. Vimo vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo maji hayo yasiyo na oksijeni ndiyo makao yavyo; na kwa baadhi yavyo oksijeni ni mauti. Hewa impayo migebuka uhai humwua jirani yake wa chini. Yeyote atakayeuliza kama oksijeni ni uhai au ni sumu, ziwa litamjibu kwa kumwuliza: kwa nani, na kwa kina gani?

Maabara yalichukua muda mrefu kujiuliza swali hilo la ziwa. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, seli za saratani zilizotolewa katika mwili wa mama mmoja, Henrietta Lacks, pasipo kuombwa ruhusa yake, ziliendelea kukua ndani ya kioo bila kukoma. Mama huyo alifariki mwaka ule ule. Seli zake ziko hai hata leo. Tangu wakati huo kukuza seli za binadamu na za wanyama wanyonyeshao kumekuwa kazi ya kila siku ya uchunguzi. Seli hutiwa katika sahani au chupa yenye maji ya chakula, na chombo huwekwa katika kabati lenye joto la mwili, digrii 37. Hewa ya kabati hilo ni hewa ya kawaida iliyoongezwa kaboni dayoksaidi, hata oksijeni yake ikawa sehemu 18 hadi 20 katika 100. Kisha dawa mpya hudondoshwa juu ya seli, na baada ya saa au siku zilizopangwa, wafu na wazima huhesabiwa. Hesabu hiyo huwa mojawapo ya ushahidi wa kwanza juu ya ukali wa dawa.

Walakini seli nyingi hazikuumbwa kuishi katika hewa hiyo. Oksijeni ikishapita mapafuni na kubebwa na damu hadi pembe za mwili, hupungua njiani. Katika viungo vingi hubakia kadiri ya sehemu 3 hadi 7 katika 100. Ndani ya uvimbe wa saratani uliokua upesi kuliko mishipa yake ya damu, huweza kushuka chini ya sehemu 1. Basi kile kinachoitwa hali ya kawaida katika kabati la maabara ni shibe ambayo seli haikupata kuijua mwilini, na kile kinachoitwa uhaba ni desturi yake ya tangu kuzaliwa. Vijidudu vya malaria vilitoa funzo kama hilo. Kwa miaka mingi wataalamu walishindwa kuvikuza kiooni kwa muda mrefu. Mwaka 1976 William Trager na James Jensen walifaulu, na sehemu ya ufumbuzi wao ilikuwa kuvipunguzia oksijeni. Njia yao mojawapo ilitumia mshumaa tu: uliwashwa ndani ya chombo, na chombo kikafungwa kabisa ulipozimika. Waswahili husema, usisafirie nyota ya mwenzio. Seli na vijidudu vilikuwa vikisafirishwa kwa nyota ya mchunguzi, ambaye yeye mwenyewe huvuta hewa ya chumbani.

Sasa na itazamwe dawa yenyewe. Metronidazoli hujulikana katika zahanati nyingi za Tanzania. Hutolewa kwa amiba, kwa giardia, na kwa maradhi ya vijidudu viishivyo pasipo hewa. Ikiwa peke yake ni pole. Lakini katika umbo lake limo kundi la naitrojeni na oksijeni ambalo li tayari kupokea elektroni, yaani chembe ndogo ya umeme, kutoka kwa kiumbe kilichoimeza. Ikiisha kupokea, hugeuka kuwa kali na kukata vinasaba. Pakiwapo oksijeni ya kutosha, oksijeni huinyang'anya elektroni ile, na dawa hurudia upole wake. Pasipo oksijeni hakuna wa kunyang'anya, na ukali huendelea mpaka mwisho. Vijidudu visivyopenda hewa, ambavyo tena vina nguvu kubwa ya kutoa elektroni, hujiua kwa mkono wao wenyewe. Katika miaka ya 1970 wachunguzi waliijaribu dawa hii juu ya seli za wanyama wanyonyeshao zilizokuzwa kiooni. Waliona kuwa seli zilizonyimwa oksijeni zilikufa kwa wingi, na zile zilizopewa hewa zilistahimili. Vipimo vyao vilikuwa vikubwa kuliko vile vya vidonge, wala habari hii haimpasi mgonjwa kuogopa dawa aliyoandikiwa. Ila imeonyesha kuwa kioo kimoja, katika hewa mbili, hutoa hukumu mbili.

Mtu angeweza kudhani kuwa kanuni imekwisha kupatikana: uhaba wa oksijeni huongeza sumu. Bleomaisini yamkatalia. Dawa hii ilivumbuliwa Japani na Hamao Umezawa na wenzake katika miaka ya 1960, nayo hutumiwa kwa saratani kadha wa kadha, ikiwamo ile ya Kaposi inayojulikana sana Afrika Mashariki. Ili ikate vinasaba, sharti ishikamane na madini ya chuma na ipate oksijeni. Ikinyimwa oksijeni, makali yake hupungua. Tena dawa hii huweza kuyadhuru mapafu, na kwa sababu hiyo waganga wa usingizi hufundishwa kuwa waangalifu wampapo oksijeni nyingi mgonjwa aliyepata kutibiwa nayo. Oksijeni, ambayo hospitalini ni alama ya huruma yenyewe, yaweza kumdhuru mgonjwa kwa sababu ya dawa aliyopewa zamani. Basi dawa moja hukali oksijeni ikipungua, nyingine hukali oksijeni ikizidi. Hakuna njia ya mkato. Kila moja sharti iulizwe peke yake, katika hewa yake.

Wahunzi wa Ufipa waliishika siri hii kwa mikono yao kabla haijafika kwao kwa alama za kemia. Katika nchi yao kumebakia masalio ya malungu, tanuu ndefu za udongo zenye kimo cha mita 3 hivi, ambazo zimechunguzwa na wataalamu wa mambo ya kale, miongoni mwao Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mawe ya chuma ni chuma kilichofungamana na oksijeni. Ili chuma kipatikane, sharti oksijeni iondolewe, na mwondoaji ni gesi itokayo katika makaa yaungukayo kwa uhaba wa hewa. Ilungu halikuvuviwa kwa mivukuto; lilivuta pumzi lenyewe kwa matundu ya chini. Hewa ikipungua mno, moto hufa. Ikizidi, chuma hurudia kushikwa na oksijeni, na kazi yote huwa bure. Baadaye chuma kilisafishwa katika tanuu ndogo zilizoitwa vintengwe, na huko mivukuto ilitumika. Tanuu mbili, hewa mbili, kazi mbili. Kinachotendeka ndani ya ilungu na kinachoipata metronidazoli ndani ya seli ni ndugu: pande zote mbili elektroni hupokewa mahali ambapo oksijeni ni chache mno kuzuia. Mhunzi aliyesifu mawe yake bila kutaja hewa ya tanuu yake angechekwa na wenzake.

Wala seli haikai kimya kama jiwe ingojee litakalokuja. Mwaka 2019 Gregg Semenza, William Kaelin na Peter Ratcliffe walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza jinsi seli inavyotambua kiasi cha oksijeni na kujirekebisha. Uhaba ukiingia, protini moja ambayo siku zote huvunjwa huachwa idumu. Nayo huamsha jeni nyingi. Seli hubadili namna ya kuchoma sukari, huita mishipa mipya ya damu, hujifunza ustahimilivu. Hivyo aliyeipunguzia seli oksijeni hakumpa mshitakiwa yule yule adhabu nyingine. Amemleta mshitakiwa mwingine mwenye jina lile lile. Dawa inayomkuta huyo hukutana na tabia ngeni.

Kutokana na hayo huzuka makosa ya namna mbili, na yote mawili yamo katika historia. La kwanza ni kutumaini kupita kiasi. Misonidazoli, jamaa ya metronidazoli, ilisifika katika miaka ya 1970 kwa kuziandama seli za saratani zilizokosa oksijeni. Lakini ilipopewa wagonjwa iliwadhuru mishipa ya fahamu ya mikono na miguu, hata kipimo chake kikabidi kuzuiliwa. Sahani ya kioo haikuwa na mikono wala miguu. La pili ni kukata tamaa upesi. Saiklofosfamaidi, iliyotumika Kampala katika miaka ya 1960 kutibu uvimbe wa taya za watoto ulioelezwa na Denis Burkitt mwaka 1958, ikidondoshwa juu ya seli zilizo peke yake haifanyi kazi ya maana. Sharti kwanza ipite katika ini, ambako vimeng'enya vinavyotumia oksijeni huifungua na kuitia makali. Laiti kioo kingekuwa hakimu wa pekee, dawa iliyowarudisha nyumbani baadhi ya watoto wale ingetupwa pamoja na maji machafu ya maabara.

Je, kioo kilisema uongo? La. Kioo ni shahidi mwaminifu mno. Hujibu lile lililoulizwa, wala hakiongezi neno. Uongo huingia pale mtu anapolichukua jibu na kuliacha swali nyuma. Aandikapo kuwa dawa fulani haina madhara kwa seli, na asiseme seli zilivuta hewa gani, ametoa ushahidi wa kweli kwa namna inayodanganya. Naam, katika utaratibu wa sasa dawa haitoki kiooni ikaingia kinywani moja kwa moja. Hupitia kwanza kwa wanyama, kisha kwa watu waliokubali kujaribiwa. Lakini kioo ndicho kinachochagua aghalabu ni ipi iendelee na ipi ikomee hapo, na iliyokomea hapo haina wa kuilalamikia.

Mama wa Kabwe ampelekaye mtoto wake kwa mganga hakai katika mkutano wa wachunguzi. Amepokea mwisho wa mnyororo mrefu wa hukumu, nyingi zikiwa zimetolewa ng'ambo, na mchango wake katika mnyororo huo ni imani tu. Huenda mtoto huyo ana homa ya mapafu, na damu yake mwenyewe imepungukiwa na oksijeni. Ini lake, ambalo kazi yake ya kuvunja dawa nyingi huhitaji oksijeni, lafanya kazi katika hali ambayo sahani ya kioo haikuijua. Imani yake ni amana. Na amana haidai kwamba mwenye kuishika asikosee kamwe. Inadai kwamba asifiche mipaka ya alichokijua.

Dhidi ya rai hii hoja mbili zaweza kuinuliwa. Ya kwanza yasema: ikiwa sumu hutegemea mahali, basi hakuna sumu, na kila mtu atasema lake. Hoja hii imefikiri nusu ya njia. Kutegemea si kukosa. Katika hewa fulani, kwa kipimo fulani, seli fulani hufa, na kifo hicho hakibadiliki kwa kupendwa wala kuchukiwa na mtu. Mwenye kutaja masharti ya kweli haipunguzi kweli. Aipa anwani, ili mwingine aweze kuifikia na kuihakikisha. Kweli isiyo na masharti yaliyotajwa ndiyo inayofanana na porojo, kwa maana hakuna awezaye kuijaribu.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Yasema kuwa wagonjwa wanangoja, fedha ni chache, na kuipima kila dawa katika kila hewa ni kazi isiyokwisha. Ni kweli. Kabati linaloweza kupunguza oksijeni kwa kipimo cha hakika lina gharama kubwa kuliko lile la kawaida, na maabara nyingi za Afrika hata hilo la kawaida zimelipata kwa taabu. Lakini wajibu hapa si kupima yote. Wajibu wa kwanza ni kusema kilichopimwa na jinsi kilivyopimwa, na huo hauna gharama ila mstari mmoja wa wino. Wajibu wa pili ni kuchagua kwa akili: dawa ya uvimbe usio na hewa ijaribiwe pasipo hewa, na dawa ya mapafu ijaribiwe palipo na hewa. Umaskini humwondolea mtu lawama ya kutofanya asichokiweza. Haumwondolei lawama ya kunyamaza juu ya asichokifanya.

Kutoka hapo yatamanisha kuruka upesi hadi kwa wanadamu na kusema kuwa hakuna mtu mbaya, bali kuna hewa mbaya. Mruko huo una hatari. Dawa haichagui hewa yake. Mtu huweza kwa kiasi fulani kuchagua mahali pa kusimama, na palipo na uchaguzi pana jukumu. Tena aliyedhurika na sumu hapati nafuu kwa kuambiwa kuwa sumu ile ingekuwa pole mahali pengine. Kueleza si kusamehe. Hata hivyo lipo funzo la kiasi ambalo hakimu, mwalimu na mzazi wanaweza kulipokea bila kudanganyika. Mtoto aliyehesabiwa mjinga katika darasa moja amepimwa katika darasa hilo tu. Kijana wa ziwani aliyeonekana mvivu katika kazi za mjini amepimwa mjini. Mpimaji mwadilifu huandika hukumu yake pamoja na mahali ilipotolewa, akiacha nafasi kwa kipimo kingine.

Basi haki ya kuhukumu sumu ni ya yule aliye tayari kuhukumiwa kwa masharti yake mwenyewe. Hukumu yake hufika pale hewa yake ilipofika, na hatua moja zaidi ya hapo si elimu tena bali ni kubahatisha. Kubahatisha si dhambi. Wagonjwa wengi wamepona kwa bahati iliyothubutiwa na waganga wenye moyo. Lakini bahati iitwe bahati, ili anayekunywa dawa ajue ni nini anachokinywa, na aliye na kioo asikose usingizi kwa neno alilolificha.